Msiisingizie saruji, tazameni ndoo ya maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nimjibu msomaji mwenzangu wa Iyumbu, hapa hapa Dodoma, aliyelalamika kwamba saruji ya siku hizi ni feki. Anasema slabu ya nyumba yake, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, imejaa nyufa kabla hata hajapandisha ukuta wa juu, ukisugua kwa kiatu inatoa vumbi, na fundi wake amemwambia tatizo liko kiwandani. Anataka watu wa viwango, TBS, waingie madukani. Waingie tu, sina ugomvi na hilo. Saruji mbovu ipo, hasa ile iliyolala stoo sakafuni mpaka ikashika mabonge. Lakini kwa dalili alizozitaja, mimi ningeanza kwa kumuuliza habari za maji.

Mimi ni mama, mkazi wa Nkuhungu, na riziki yangu ni ujenzi. Siku hizi nasimamia saiti za watu, nyumba za kawaida na vighorofa vya ngazi moja, lakini nilianzia kwenye kubeba maji. Mwaka 2016, Serikali iliposema sasa inahamia Dodoma kweli, baada ya neno hilo kuwapo tangu 1973, mji ulianza kujengwa kila kona na kila saiti ikatafuta mtu wa ndoo. Wengi wetu tulikuwa wanawake. Kwenye timu ya zege, mama wa maji ndiye analipwa kidogo kuliko wote. Fundi yuko juu anasawazisha, vijana wa koleo wanageuza, wa karai wanapandisha, na wewe kutwa nzima unasikia sauti moja: "Mama, maji!" Nilipokuja kusoma uashi VETA, chuo cha ufundi, ndipo nikajua kwamba mtu aliyekuwa anaamua nguvu ya zile nyumba nilikuwa mimi na ndoo yangu, na hakuna aliyewahi kuniambia niipime.

Zege ni saruji, mchanga, kokoto na maji. Mchanga na kokoto ndio mwili, huchukua kama robo tatu ya ujazo wote. Saruji na maji ndiyo gundi. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, mafundi wakiwemo, kwa kudhani kwamba zege linakauka. Zege halikauki kama kanga kambani. Saruji ikikutana na maji inabadilika kikemikali, inazaa kitu kipya kinachoshikamanisha mchanga na kokoto, na kazi hiyo inatoa joto. Weka kiganja jioni juu ya msingi mnene uliomwagwa asubuhi, utalisikia. Ndiyo sababu zege hushika hata likiwa chini ya maji, na nguzo za madaraja humwagwa mtoni zikasimama. Zege lililonyang'anywa maji mapema ni zege lililokatizwa kazi, hata kama kwa macho linaonekana jeupe na gumu.

Sasa tufanye hesabu ya ndoo. Mfuko mmoja wa kilo 50, kwa zege la slabu, unataka kama lita 25 za maji: ndoo moja ya lita 20 na robo ya nyingine. Saruji yenyewe, kwa ile kazi yake ya kikemikali, inafunga maji ya kama robo ya uzito wake tu, lita 12 na ushee. Mengine ni ya kulainisha ili zege ligeuzike na lipenye kati ya nondo. Ukizidisha, maji ya ziada hayana pa kwenda. Yanakaa humo, baadaye yanafuka, na mahali yalipokuwa panabaki vitundu ambavyo jicho halivioni. Mmarekani Duff Abrams aliliandika jambo hili mwaka 1918 kule Chicago baada ya majaribio mengi sana: ikiwa vifaa ni safi na zege linashindilika, nguvu yake inafuata uwiano wa maji kwa saruji. Ukitoka lita 25 kwa mfuko ukafika lita 35, yaani umeongeza nusu ndoo tu, unaweza kupoteza theluthi ya nguvu au zaidi. Nusu ndoo hiyo saiti hakuna anayeihesabu.

Nilikuwa kwenye slabu moja mtaa wa Kisasa, mwezi wa Septemba, upepo ule wetu wa vumbi umeshaanza. Zege linageuzwa chini, juu ya ardhi tupu. Nikaweka ndoo na robo kwa kila mfuko. Fundi akaita kutoka juu:

"Mama, hilo gumu! Ongeza ndoo!"

"Fundi, kipimo kimetimia."

"Mama, umeletwa hapa kuleta maji au kunifundisha kazi?"

Kijana wa koleo akachukua ndoo mkononi mwangu, akamwaga yote. Zege likalala lenyewe. Vijana wakashangilia, maana sasa halihitaji kusukumwa, na karai zikaanza kupanda mbio.

Simlaumu sana yule fundi. Kazi zetu ni za kupatana: slabu nzima kwa bei moja, na timu inalipwa jua likizama. Zege jepesi linamaliza kazi saa nane mchana, zege zito linakufikisha magharibi. Nani atachagua zito kama mwenye nyumba hayupo na hajui kuuliza? Lakini tazama kilichotokea pale juu. Kokoto zilitangulia kushuka, na rojo la saruji na vumbi la mchanga likaelea. Maji yakatuama juu ya slabu. Fundi, kwa kuona linachelewa kushika, akanyunyiza saruji kavu ili inyonye yale maji, akapitisha mwiko, ikang'aa. Ngozi ile ya juu ndiyo inayotoka vumbi chini ya kiatu cha ndugu yangu wa Iyumbu. Saruji imo, tena nyingi, ila imekaa mahali pasipo kokoto na imezama kwenye maji.

Zege likiwa zito kupita kiasi, dawa si ndoo. Ama uongeze maji pamoja na saruji, kwa uwiano ule ule, ama ulishindilie zaidi. Vaibreta, mashine za kulitikisa zege lishindilike, zinakodishwa mjini hapa kila siku. Kwa nguzo fupi hata kipande cha nondo mkononi mwa kijana mwenye subira kinatosha. Kushindilia nako si mapambo: kila asilimia 1 ya hewa inayobaki ndani ya zege inakula kama asilimia 5 au 6 ya nguvu. Ukivua mbao ukakuta matundu matundu na kokoto zinakutazama, usikubali wazibiwe kwa plasta siku hiyo hiyo kabla mtu anayejua hajatazama.

Msimu wa mvua, Desemba hadi Aprili, hesabu inageuka. Mchanga uliolowa umeshabeba maji yake. Ukiwa na unyevu wa asilimia 5, kila kilo 100 za mchanga zinakuja na lita 5, na mfuko mmoja kwa ile resho ya 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, unameza mchanga unaozidi kilo 100. Kwa hiyo punguza ndoo. Halafu mchanga wenye unyevu unavimba, karai inaonekana imejaa kumbe mchanga wenyewe ni pungufu. Mafundi wazuri huongeza mchanga kidogo na kupunguza maji bila hata kuandika popote.

Kuhusu mchanga, wetu unatoka makorongoni, na makorongo ya Dodoma yana udongo. Chukua chupa tupu ya maji ya kunywa, inayoonyesha ndani. Weka mchanga mpaka theluthi, jaza maji, tikisa kwa nguvu, iweke kivulini iache saa kadhaa bila kuigusa. Mchanga utakaa chini, na juu yake utando wa tope wenye rangi tofauti, mpaka unaona mstari kabisa. Kama mchanga umesimama sentimita 10 na tope limezidi milimita 8 hivi, lori hilo lirudi lilikotoka au mchanga uoshwe. Tope linavaa kila punje, saruji inashika tope badala ya kushika mchanga. Dereva wa lori atakuambia wateja wote wanachukua. Mwonyeshe chupa.

Kokoto hatuna shida sana. Mawe yetu ni ya itale, magumu, na kina mama wengi wanaishi kwa kuyapasua. Shida ni vumbi la kuponda likiachwa humo. Chekecha.

Kisha kuna maji yenyewe ni ya namna gani. Wenyeji mnajua: visima vingi vya Dodoma ni vya chumvi, sabuni haitoi povu, sufuria inaota ukoko mweupe. Zege lisilo na nondo linavumilia kiasi. Lenye nondo ni habari nyingine. Zege zuri ni kali kama magadi, na ukali huo ndio unaoilinda nondo isishike kutu. Chumvi inauvunja ulinzi huo. Nondo ikianza kuoza inavimba, kwa sababu kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma iliyotokana nacho, na inalipasua zege kutoka ndani. Ndizo zile nguzo unazoziona zimebanduka kipande na chuma chekundu kimetokeza. Kanuni niliyofundishwa ni rahisi: maji ambayo usingempa mtoto anywe, usiyape nondo. Na nondo zisilale juu ya mbao wala zisiguse udongo. Ziinuliwe kwa vipande vidogo vya zege, milimita 25 kwa slabu, 40 kwa nguzo, 50 au zaidi kwa msingi. Nimeona wanaoinua nondo kwa vipande vya mbao, na mbao ikioza inaacha njia ya maji moja kwa moja mpaka kwenye chuma.

Yote hayo ni ya siku ya kumwaga. Linaloniuma zaidi linaanza kesho yake.

Timu ya zege imelipwa, imeondoka. Fundi atarudi baada ya siku tatu nne kupanga matofali. Mwenye nyumba yuko Dar es Salaam, anatuma fedha kwa simu. Ametuma ya saruji, ya nondo, ya kokoto, ya mbao na mirunda, hata ya chakula cha vijana. Nampigia: "Bosi, nahitaji maboza mawili ya kumwagilia slabu wiki hii." Ananijibu, "Mama, maji tena? Si yaliyobaki kwenye pipa yatatosha? Au omba hapo kwa jirani." Jirani mwenyewe anapata maji kwa mgawo, na madumu yake yamepangwa barazani yanasubiri zamu. Nimesoma makadirio mengi ya nyumba yaliyoandikwa kwa kompyuta, safi, mpaka misumari imehesabiwa. Maji ya kumwagilia zege sijayaona hata mara moja, wala mshahara wa mtu wa kumwagilia.

Mji wenyewe huu ni upi? Ni mji unaopata mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka, na kuanzia Juni mpaka Oktoba karibu hakuna kitu. Asubuhi baridi, adhuhuri jua kali, upepo mkavu siku nzima. Slabu iliyoachwa wazi hapo inanyonywa maji juu kabla haijashika. Ndizo nyufa za siku ile ile, za mstari mmoja mmoja au za kupishana, zinazotokea saa chache baada ya mwiko. Fundi atasema zege linapumua. Hapana, limekaushwa kwa nguvu wakati bado bichi, uso unajikunja na chini hakujikunji, unachanika.

Zege lililoachwa hewani bila kumwagiliwa linaweza kuishia na karibu nusu tu ya nguvu ambayo lingeipata lingekaa na unyevu muda wote. Nusu! Mtu anabishana na muuza duka kuhusu mfuko wa 32.5 na wa 42.5, na ana haki ya kubishana, maana namba hiyo ni nguvu ya saruji yenyewe ikipimwa kwa kipimo cha maabara baada ya siku 28, na kwa slabu na nguzo ningechukua 42.5. Halafu ananunua hiyo 42.5, anaiacha juani, anapata zege ambalo hata la 32.5 lililomwagiliwa lingelishinda. Kwenye majengo makubwa ya mji huu inamwagwa saruji ya daraja hilo hilo la 42.5. Kule kuna mtu anayelipwa kupima maji, na kuna mchemraba wa zege wa milimita 150 unaokaa kwenye pipa la maji na kupasuliwa mashineni siku ya 7 na ya 28. Mimi saiti zangu hazina mashine. Nina ndoo, mfuko wa nailoni na magunia.

Na vinatosha. Slabu naianza alfajiri, au nasubiri jua lipungue. Ardhi na mbao nazilowesha kabla, zisije zikaiba maji ya zege. Zege lililokaa zaidi ya saa moja tangu kuchanganywa likaanza kushika, silizimui kwa maji, linakwenda kujaza shimo la njia. Fundi akishapitisha mwiko, nailoni inafuata nyuma yake, imekandamizwa kwa matofali pembeni ili upepo usiifunue. Asubuhi natoa nailoni, najenga tuta dogo la mchanga kuzunguka slabu nzima, namimina maji yakasimama sentimita 3 au 4. Maji hayo hayaondoki haraka kama ya kunyunyiza, ambayo hapa Dodoma saa sita mchana huyaoni tena. Nguzo nazivika magunia na kuyalowesha asubuhi na jioni. Siku 7 ndiyo chini kabisa. Kama mfuko umeandikwa CEM IV, ujue ndani mna majivu ya volkano au kitu cha namna hiyo, saruji nzuri tu lakini inaiva polepole, ipe wiki mbili. Siku ya 7 zege huwa limefika kama theluthi mbili ya nguvu ya siku 28, kwa hiyo mirunda, ile miti inayoishikilia slabu kwa chini, isiguswe kabla ya wiki mbili tatu, kutegemea upana wa chumba, hata kama fundi anaitaka kwa kazi nyingine Nzuguni.

Wenye nyumba, basi, mkiandikiwa makadirio ulizeni mstari wa maji uko wapi. Mlipeni mtu wa kumwagilia, hata mwanamke wa jirani, kwa wiki nzima, na mpigieni yeye simu badala ya kumpigia fundi. Fundi mkipatana naye, sehemu ya fedha zake ibaki mpaka wiki ya kumwagilia iishe. Na kwa wakaguzi wa majengo wa Jiji letu nina ombi: mnakuja kabla ya kumwaga, mnahesabu nondo, mnasaini, vizuri. Njooni na siku ya tatu baada ya kumwaga. Haihitaji kifaa. Mkikuta slabu kavu, mmeshajua.

Udongo wetu mweusi wa mbuga unaovimba kwa mvua na kupasuka kiangazi nauacha, huo una barua yake, na nyufa zake hazifanani na hizi.

Nirudi kwa ndugu yangu wa Iyumbu na slabu yake. Kwanza asiipake niru, ule uji wa saruji wa kulainisha uso, wala kuikwangua, ataficha kinachotakiwa kuonekana. Kama haijatimiza mwezi, aanze kumwagilia leo. Haitarudisha yote, ila kiasi fulani itarudisha. Atazame nyufa: zile nyembamba za juu juu, zisizofika chini, mara nyingi ni za jua na upepo. Ufa unaoonekana pia kwenye dari upande wa chini, au unaopanuka wiki hadi wiki, au unaofuata mstari wa bimu, ni mambo mengine. Amwite mhandisi aliyesajiliwa. Kuna nyundo maalumu ya kupimia ugumu wa uso, na jibu lake lisiporidhisha hutobolewa kipande cha mviringo kikapasuliwe maabara. Itamgharimu, lakini fedha hizo zitoke sasa, kabla ya ukuta wa juu. Mpaka jibu litoke, mirunda ibaki ilipo na matofali ya ghorofa yabaki chini.

Wako,
Mama Zege,
Nkuhungu, Dodoma